Mashine namba 2: mtetemo ulipimwa, mashine ikaachwa izunguke

MWANAIDI: Msikilizaji, karibu. Leo tunazungumzia mtetemo, ule unaousikia kiganjani ukigusa pampu au mota inayofanya kazi. Tunataka kujua mafundi wanausomaje ili wagundue kitu kinachoharibika ndani kabla hakijavunjika. Kaka Kasimu, umekataa kata kata tusianze na nadharia.

KASIMU: Nimekataa, dada. Nataka tuanze Siberia, Mto Yenisei, tarehe 17 Agosti 2009, saa mbili na dakika 13 asubuhi. Kituo kinaitwa Sayano-Shushenskaya, kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini Urusi. Mashine 10, kila moja megawati 640. Dakika hiyo mfuniko wa tabaini namba 2, mtambo unaozungushwa na maji, uling'oka. Maji yakausukuma juu pamoja na rota, sehemu ya jenereta inayozunguka, na vyote vilivyokaa juu yake, zaidi ya tani 900, mpaka ndani ya ukumbi wa mitambo. Watu 75 walikufa.

MWANAIDI: Tani 900 zinainuliwa na maji?

KASIMU: Maji yalikuwa yanashuka kutoka kimo cha mita 212. Piga hesabu ya haraka, hiyo ni presha ya baa 20 na ushee kwenye bomba linaloingia tabaini. Kilichokuwa kinauzuia ule mfuniko usiruke ni bolti 80, kila moja unene wa milimita 80.

MWANAIDI: Na zikakatika zote kwa mpigo?

KASIMU: Hapo ndipo penye somo. Wachunguzi walizipeleka bolti 49 maabara. Kati ya hizo, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Zipo 8 ambazo ufa ulikuwa umeshakula zaidi ya asilimia 90 ya eneo la mkato wake. Na angalau 6 zilionekana hazikuwa na nati siku ya ajali.

MWANAIDI: Ngoja, usikimbie. Uchovu wa chuma wanautambuaje? Mimi nikipewa bolti iliyokatika nitaona chuma kilichokatika tu.

KASIMU: Utaona zaidi ya hapo ukiishika karibu na mwanga. Uso wa bolti iliyokufa kwa uchovu una sehemu mbili. Ya kwanza ni laini, ina mistari myembamba iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, imeanzia kwenye ukingo, mara nyingi pale penye mizizi ya uzi, ile mifereji inayoshika nati. Kila mstari ni kipindi ambacho ufa ulisogea kidogo ukatulia, ukasogea tena. Ya pili ni ya punjepunje, inakwaruza. Hiyo ndiyo iliyobaki ikibeba mzigo wote mpaka ikashindwa kwa mara moja. Sasa fikiria bolti yenye milimita 80 ambayo sehemu yake ya punjepunje haifiki hata asilimia 10. Bolti hiyo ilikuwa imeshakatika kwa muda mrefu, ila hakuna aliyeiambia mashine.

MWANAIDI: Na kilichokuwa kinazivuta mpaka zichoke ni mtetemo.

KASIMU: Mtetemo wa maji hasa. Tabaini za aina ile, zinaitwa Francis, zimechongwa zipokee maji kwa kiasi fulani. Ukizipa mzigo kamili, maji yanatoka chini ya gurudumu yakiwa yameshatulia. Ukizipa mzigo nusu nusu, yanatoka bado yanazunguka, na chini ya gurudumu panajitengeneza mkia wa maji unaojisokota ndani ya bomba la kutokea. Mkia huo unazunguka polepole kuliko gurudumu, kama robo au theluthi ya mwendo wake. Mashine ya Sayano ilikuwa inakwenda karibu mizunguko 143 kwa dakika, yaani mizunguko 2.4 kwa sekunde. Kwa hiyo mkia unapiga chini ya mara moja kwa sekunde. Pigo zito, la taratibu, linalosukuma mfuniko kwenda juu na kuuachia. Kutwa kucha.

MWANAIDI: Waendeshaji walilijua hilo?

KASIMU: Liliandikwa. Mashine ilikuwa na kanda zake za mzigo. Kutoka megawati 265 hivi mpaka 570 ni kanda isiyoshauriwa: unaruhusiwa kuivuka, si kukaa. Dakika ajali inatokea, namba 2 ilikuwa kwenye megawati 475.

MWANAIDI: Katikati kabisa! Ilifikaje huko?

KASIMU: Usiku wa kuamkia siku ile kituo kingine, cha Bratsk, kiliungua moto na mawasiliano yakakatika. Kazi ya kupandisha na kushusha umeme kufuatana na mahitaji ya gridi ikahamishiwa Sayano, na ndani ya Sayano namba 2 ndiyo ikapewa zamu ya mbele. Mfumo unaoamuru mzigo ulikuwa unaangalia mahitaji ya gridi. Haukuwa unaangalia hali ya mashine.

MWANAIDI: Sasa tuje kwenye vipimo. Palikuwa na vihisi, vile vifaa vya kupima mtetemo, au hapakuwa navyo?

KASIMU: Vilikuwepo. Mfumo mpya wa kupima mtetemo muda wote ulifungwa mwaka huohuo, baada ya matengenezo yaliyoisha mwezi Machi, lakini haukuwa umeanza kutumika rasmi. Rekodi zipo. Kuanzia Aprili hadi siku ya ajali, mtetemo wa beringi ya tabaini, inayoshika mhimili unaozunguka, ulipanda karibu mara nne. Kikomo kilikuwa maikroni 160, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kati ya saa mbili kamili na saa mbili na dakika 13, kihisi kimoja kilipanda kutoka maikroni 600 hadi 840. Zaidi ya mara tano ya kikomo.

MWANAIDI: Na hakuna aliyezima.

KASIMU: Hakuna. Tuseme kweli yote: wapo wahandisi wanaopinga usomaji wa kihisi kile, wanasema vihisi vingine havikuonyesha hali hiyo. Huenda kweli kilikuwa kibovu. Lakini dada, hilo halinipunguzii uchungu, linaniongezea. Kihisi kinachosoma mara tano ya kikomo kina majibu mawili tu: mashine ni mbovu, au kihisi ni kibovu. Yote mawili yanadai mtu asimame aende kuangalia. Kukiacha kiendelee kusoma hivyo na mashine iendelee kuzunguka si jibu.

MWANAIDI: Nitetee upande wa pili kidogo. Kwa nini basi usiweke kikomo, kikivukwa mashine ijizime yenyewe? Mbona rahisi?

KASIMU: Kwa mashine kubwa ndivyo inavyotakiwa, na sikubali hoja ya kukiondoa kikomo hicho. Ila kikomo kimoja hakitoshi, kwa sababu kinachelewa. Ukitaka kujua mapema lazima ujue mtetemo umetoka wapi, sio tu ni mkubwa kiasi gani. Fundi wa zamani anaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, anakwambia beringi hii inaondoka. Anafanya kazi ileile ya kompyuta, ya kutenganisha sauti.

MWANAIDI: Tupe mfano wenye hesabu. Wasikilizaji wetu wa viwandani wanaupenda.

KASIMU: Chukua mota inayokwenda mizunguko 1,480 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata 24.7 kwa sekunde, yaani hezi 24.7. Ukiona mtetemo mkubwa umesimama hapo hapo, shuku balansi: upande mmoja wa feni umeshika uchafu au bapa limelika. Ukiona umesimama kwenye mara mbili ya hiyo, hezi 49, shuku alaimenti, mota na pampu hazijanyooka kwa pamoja. Ukiona mlolongo mrefu, mara moja, mara mbili, tatu, nne, tano, kuna kitu kimelegea. Anza na bolti za msingi. Na beringi ina namba zake zisizokuwa kamili. Yenye gololi 9, kidonda kwenye ringi ya nje kinagonga karibu mara 3.6 kwa kila mzunguko. Hiyo ni hezi 89 hivi. Kidonda cha ringi ya ndani, mara 5.4, hezi 133. Ukiona kijilima kidogo kwenye grafu ya mtetemo, pale kwenye 89, ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, agiza beringi. Una muda wa kupanga siku ya kusimama.

MWANAIDI: "Ambacho mwezi uliopita hakikuwepo." Kwa hiyo lazima uwe na cha mwezi uliopita.

KASIMU: Umelishika. Bila rekodi ya mashine ikiwa nzima, namba ya leo ni bubu. Na kwenye madaraja na majengo jambo hili ni gumu zaidi, kwa sababu hata kitu kikiwa kizima kinabadilika.

MWANAIDI: Kinabadilikaje? Daraja ni daraja.

KASIMU: Uswisi palikuwa na daraja la zege linaloitwa Z24, juu ya barabara kuu ya kutoka Bern kwenda Zurich. Lilikuwa linabomolewa mwaka 1998 kwa sababu ya reli mpya. Watafiti wakaomba walitumie kwanza. Walilifunga vihisi karibu mwaka mzima, kisha mwishoni wakalijeruhi makusudi, hatua kwa hatua: wakashusha nguzo, wakakata nyaya za chuma zinazolibana zege. Lengo lilikuwa kuona kama mtetemo utatoa taarifa. Kila daraja lina mwendo wake wa asili wa kutikisika, yaani linatikisika mara ngapi kwa sekunde, na likipoteza ugumu, mwendo huo unashuka.

MWANAIDI: Na ulishuka?

KASIMU: Ulishuka, ndiyo. Lakini majira ya baridi yaliwapa kitu kingine. Joto liliposhuka chini ya nyuzi sifuri, lami iliyo juu ya daraja iliganda ikawa ngumu, daraja zima likakaza, na mwendo wake ukapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Bila jeraha lolote! Mabadiliko ya hali ya hewa peke yake yalikuwa makubwa kuliko yaliyoletwa na baadhi ya majeraha. Ungekuwa na kikomo kimoja tu, ama kengele ingelia kila baridi mpaka watu waizime, ama ungeiweka mbali mno isilie hata daraja likipasuka.

MWANAIDI: Na kengele iliyolia bure mara nyingi, ikilia kweli hakuna anayeinuka.

KASIMU: Ndiyo maana wanafunga kipimajoto pamoja na kihisi cha mtetemo, halafu wanajifunza: kwa joto hili, daraja lisilo na jeraha linatakiwa kusoma hivi. Tofauti na hapo ndiyo unayoifuatilia. Kwa tabaini ni vilevile, ila badala ya joto unaweka mzigo na kina cha maji. Mtetemo wa megawati 475 usiulinganishe na wa 620.

MWANAIDI: Nimefikiria Rufiji muda wote unavyoongea. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9, kila moja megawati 235, na ni za aina hiyohiyo ya Francis.

KASIMU: Ni hizohizo, na hakuna ubaya wowote kwenye aina hiyo, inatumika dunia nzima. Kila Francis ina kanda yake ya mkia wa maji, ya Rufiji nayo, ya Kidatu nayo. Ninachokiona mimi ni kwamba mashine za Rufiji bado changa, ya kwanza imeanza mwaka 2024. Huu ndio umri wa kuchukua rekodi nzima: kila mzigo kuanzia chini mpaka juu, bwawa likiwa limejaa na likiwa limeshuka, mashine moja moja, kwa sababu hata zilizotoka kiwanda kimoja hazifanani. Rekodi hiyo haiwezi kuchukuliwa miaka 20 baadaye. Mashine isiyo na uchakavu haitakuwepo tena.

MWANAIDI: Na bolti? Maana hicho kilichoua kilikuwa ufa, na wewe mwenyewe umesema mtetemo ulikuwa unausukuma tu.

KASIMU: Swali zuri sana hilo. Kihisi cha mtetemo hakikuonyeshi ufa ndani ya bolti. Bolti 80 zikishirikiana, kumi zikafa, nyingine zinabeba, na mashine inasoma karibu vilevile. Bolti unaipima yenyewe, kwa mawimbi ya sauti: unaweka kichwa cha kipimo juu yake, sauti inashuka mpaka chini na kurudi. Ikirudi mapema, imegonga ufa. Haihitaji kufungua nati. Mtetemo kazi yake ni kukwambia zipimwe lini. Mashine iliyokaa kwenye kanda mbaya, au iliyopanda mara nne toka Aprili, bolti zake zisingojee ratiba ya mwaka.

MWANAIDI: Na nani anasema mashine isimame?

KASIMU: Aliye zamu chumba cha udhibiti. Ruhusa hiyo awe nayo kwa maandishi, aitumie bila kupiga simu kwa mkubwa, hata gridi ikiwa inalia. Sayano, baada ya maji kuingia ukumbini umeme wa kituo ulipotea, na wafanyakazi walipanda juu ya bwawa wakafunga milango ya maji kwa mikono. Iliwachukua zaidi ya saa nzima. Watu wale walikuwa na ujasiri wa kufunga maji katika hali ile. Wangepewa ruhusa ya kubonyeza kitufe saa mbili kamili, wangekibonyeza.

MWANAIDI: Wiki ijayo tutakuwa na nyaya za madaraja ya kuning'inia na jinsi mvutano wake unavyopimwa kwa kuzigonga. Kama una rekodi za mtetemo za kiwandani kwako na huelewi kijilima fulani, andika mizunguko ya mota na idadi ya gololi za beringi, ututumie. Kaka Kasimu atazipitia.

KASIMU: Na mzigo uliokuwepo wakati wa kupima. Tafadhali msiusahau mzigo.