Konda wa Lithiamu: PhD ya Betri Bila Kushika Betri

KELVIN: Haya jamani karibuni tena, mimi Kelvin niko Dar, umeme umekata tangu asubuhi natumia pawabanki, na dada yetu Zuhura yuko kulekule Uingereza kwenye baridi. Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba, ila unanizeesha bure, tumepishana miaka miwili tu.

KELVIN: Leo tunakuhoji wewe. Maana juzi mama yako kaniuliza Zuhura anasomea nini huko, nikamwambia PhD ya betri, akaguna, akasema mbona fundi betri wa hapo kona hajasoma na anazifufua?

ZUHURA: (anacheka) Mwambie mimi hata betri sijashika, kazi yangu yote ni kompyuta. Iko hivi, betri ya simu yako ni lithiamu, zile Sony walianza kuziuza 1991, katikati ya pande mbili kuna kimiminika ndo kinapitisha ioni za lithiamu, yani atomu zenye chaji, kwenda na kurudi, na kile kimiminika kinashika moto. Sasa watu wanataka wakitoe waweke kitu kigumu kama kauri hivi, ndo hiyo betri ya hali mango.

KELVIN: Ngoja kwanza. Jiwe si jiwe tu? Linapitishaje kitu?

ZUHURA: Umeshapanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni? Imeshona, hakuna wa kugeuka, ila konda anatoka mlangoni anafika siti ya nyuma anakusanya nauli anarudi. Abiria ndo atomu za ile kauri, zinatikisika tu palepale, lithiamu ndo konda. Mimi naijenga hiyo daladala ndani ya kompyuta, atomu mia mbili hivi, halafu naangalia konda anapenya wapi na anakwama wapi.

KELVIN: Yani unalipwa kuangalia muvi.

ZUHURA: Muvi yenyewe sasa! Picha moja na inayofuata zimepishana femtosekunde moja au mbili, na sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Na kila picha kompyuta inapiga hesabu za elektroni upya, kwa ile njia ya Walter Kohn na wenzake ya 1964 na 1965 iliyompa Nobeli 1998, kwamba usifuate elektroni moja moja, hesabu msongamano wake, kama mtu anayeitazama Kariakoo toka ghorofani, hamjui mtu hata mmoja ila anaona wapi pamejaa. Hata hivyo unatafuna supakompyuta siku na siku unapata pikosekunde mia moja, yani femtosekunde laki moja tu, na kwenye joto la kawaida ndani ya muda huo konda anaweza asiruke hata mara moja.

KELVIN: Si hasara hiyo?

ZUHURA: Ndo maana tunachochea moto. Unaipasha nyuzi mia saba, elfu moja, kwenye kompyuta hakiungui kitu, ioni zinaanza kuruka, unapima kwenye joto tatu nne tofauti, unachora mstari, unaushusha mpaka joto la chumbani. Na hapo ndo nililiwa mwaka wa kwanza. Kuna kauri inaitwa LLZO, ina lithiamu, lanthanamu, zirkoniamu na oksijeni, sifa yake ilijulikana 2007. Ikiwa ya moto inakaa umbo la mchemraba, inapitisha vizuri. Ikipoa, kama hujaitia alumini au tantalamu kidogo, inajigeuza umbo na upitishaji unaanguka karibu mara mia. Mimi nikashusha mstari wangu nikaleta namba tamuu, supavaiza akaitazama akauliza swali moja tu, huku chini bado ni kitu kilekile? Miezi miwili ikaenda na maji.

KELVIN: Pole. Ila si nasikia AI inafanya yote siku hizi?

ZUHURA: Inasaidia kweli, unapiga hesabu ghali chache, mashine inajifunza, halafu inaendesha atomu maelfu kwa muda mrefu zaidi, wazo hilo wanasayansi Behler na Parrinello walilitoa 2007. Na Januari 2024 Microsoft na maabara moja ya Marekani, PNNL, walitangaza wamechekecha kwa kompyuta vitu milioni 32 vinavyoweza kufaa kwenye betri wakabaki na 18. Lakini angalia neno, kuchekecha. Watu wanadhani tunagundua, mimi siku nyingi kazi yangu ni kukataa, hii haifai, hii haifai, ili mwenzangu wa maabara asiivunjie mgongo bure.

KELVIN: Sasa tuje kwenye pesa, maana wasikilizaji ndo wanachosubiri.

ZUHURA: Wapi tena! Huku posho ya chini ya UKRI, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, kwa 2025/26 ilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka, haikatwi kodi, na betri zina taasisi yake kabisa, Faraday Institution, tangu 2017. Ila soma tangazo mpaka mwisho ndugu yangu, linaandika imefadhiliwa kikamilifu halafu chini kabisa, ada ya wazawa tu, na ya mgeni ni kubwa zaidi, hiyo tofauti utaitoa wewe. Nafasi za UKRI wageni wana kikomo cha asilimia 30. Mimi niliandika baruapepe kwanza nikauliza ada ya mgeni inalipwa, ndo nikaanza kuhangaika na barua za marejeo. Ujerumani ni habari nyingine, kule mara nyingi unaajiriwa, una mshahara na mkataba.

KELVIN: Na lazima uwe mkemia?

ZUHURA: Mimi ni fizikia. Nilianzia na laptopu ya kuazima na Quantum ESPRESSO, programu ya kupigia hizi hesabu za elektroni, ni bure, pakua leo. Na kuna shule ya Waafrika ya mambo haya, ASESMA, 2012 ilifanyika Eldoret, sio mbali hivyo. Subiri, simu... ni kazi yangu kwenye supakompyuta, muda umeisha, imekatwa kabla haijamaliza.

KELVIN: Inaanza upya?

ZUHURA: Hapana, nilihifadhi. Ila inarudi mwisho wa foleni.