Umepigwa kalamu: nani anakudai, nani unamdai

MWENDE: Swali la kwanza la kila aliyepigwa kalamu hapa Nairobi ni hili: serikali itanilipa nini mpaka nipate kazi nyingine? Otieno, mjibu msikilizaji bila kumzungusha.

OTIENO: Haitamlipa kitu. Kenya haina mfuko wa bima ya kukosa ajira. Jirani zetu Tanzania wana fao la kukosa ajira kwa wanachama wa mifuko yao, sisi hatuna. Na NSSF unayokatwa, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, si ya shida ya leo. Ni ya uzee: miaka 60, au kuanzia 50 kama umeacha ajira. Njia nyingine ni ulemavu, kuhama nchi moja kwa moja, au kifo, ambapo warithi ndio wanaodai. Ukiwa na miaka 34, ukipanga foleni kwenye ofisi za NSSF pale Community kudai pesa zako utarudi mikono mitupu.

MWENDE: Lakini taarifa ya michango uichukue. Iangalie kwenye akaunti yako ya NSSF ya mtandaoni, mwezi kwa mwezi, uilinganishe na pesilipu. Ukikuta ulikatwa na pesa hazikufika, umeshapata dai la kwanza.

OTIENO: Basi unayemdai si serikali. Ni mwajiri. Na kiasi unachomdai kinategemea neno moja lililo kwenye barua: sababu. Kuna waliofutwa kwa makosa, kuna waliopunguzwa kwa sababu kampuni haina kazi, yaani ridandansi, kuna waliomaliza kandarasi, na kuna waliojiuzulu. Malipo hayafanani.

MWENDE: Hapo kwa kujiuzulu tusimame kidogo. Mfanyakazi anaitwa ofisini Ijumaa jioni, anaambiwa, "Andika barua ya kujiuzulu ili jina lako lisiharibike." Akiandika, malipo ya ridandansi yameyeyuka, na akienda kortini yeye ndiye atakayethibitisha kwamba alilazimishwa. Ni mzigo mzito kuubeba bila karatasi.

OTIENO: Asiandike siku hiyo. Aombe barua ya mwajiri, aende nayo nyumbani.

MWENDE: Sasa hesabu. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 60,000, amefanya miaka 7 na miezi 10, amepunguzwa.

OTIENO: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inampa vitu vinne. Mshahara wa siku alizofanya mwezi huo. Notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Likizo ambayo hajaichukua, kwa pesa taslimu. Na malipo ya kuachishwa, siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Uliokamilika, nasisitiza. Ile miezi 10 ya juu haihesabiki hapo, ni miaka 7.

MWENDE: Na siku moja ni shilingi ngapi? Wengi hupoteza pesa hapo bila kujua.

OTIENO: Kifungu kinasema siku 15 za malipo, hakisemi ugawe mshahara kwa ngapi. Ukigawa 60,000 kwa 30, siku ni shilingi 2,000. Mara 15, mara 7, ni 210,000. Ukigawa kwa 26, ambazo ni siku za kazi za mwezi kwa anayefanya siku sita kwa wiki, siku inakuwa kama 2,308, na jumla inapanda hadi karibu 242,300. Tofauti ni zaidi ya shilingi 32,000, na imetokana na kigawanyo tu.

MWENDE: Kwa hivyo usiangalie jumla peke yake. Omba mchanganuo wa maandishi, uone walivyogawa, kisha ufungue kandarasi yako, kitabu cha masharti ya kazi au mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi. Mikataba mingi ya vyama hutaja kigawanyo, na mingine hutoa zaidi ya siku 15. Zile 15 ni sakafu.

OTIENO: Likizo nayo. Sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, sawa na siku 1.75 kwa kila mwezi. Huyu wetu, kama hajachukua likizo tangu mwaka wake wa kazi uanze, miezi 10 inampa siku 17.5. Hapa miezi inahesabiwa, tofauti na kule kwenye malipo ya kuachishwa. Wahasibu wengine huzichanganya hizi mbili, na mara nyingi makosa yao hayamfaidi mfanyakazi.

MWENDE: Na "sevisi"? Kila anayepigwa kalamu anaulizia sevisi yake.

OTIENO: Sevisi, yaani malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi, ni kitu kingine kabisa. Iko kwenye kifungu cha 35, na kifungu hicho hicho kinawatoa watu walio kwenye NSSF au kwenye mfuko wa pensheni wa kampuni. Kama ulikuwa unakatwa NSSF na ikafika, sevisi ya kisheria huna, ila kandarasi yako iwe imeahidi. Ukiidai kwenye barua ya wakili inakaa vizuri, kortini inaondolewa. Afadhali usiihesabie. Lakini malipo ya kuachishwa hayaguswi na NSSF. Mwajiri akikwambia, "Ulikuwa na NSSF kwa hivyo hatukulipi zile siku 15," amechanganya, au anakuchanganya.

MWENDE: Aliyefutwa kwa makosa je?

OTIENO: Zile siku 15 hana. Ila hata aliyefutwa papo hapo hulipwa mshahara hadi siku aliyofutwa, pamoja na likizo aliyokuwa ameifikia. Na kabla ya kumfuta, kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe, na asikilizwe. Kesi nyingi mwajiri huzipoteza hapa. Mtu aliiba kweli, lakini alifutwa kwa WhatsApp saa tatu usiku.

MWENDE: Tumalizane na ridandansi. Notisi ni mbili, si moja. Ya kwanza inaeleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Inaenda kwa chama, au kwa mfanyakazi mwenyewe kama hana chama, na kwa afisa wa leba, yaani wa wizara ya kazi, angalau mwezi mmoja kabla. Katika kesi ya Kenya Airways ya 2014, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba katika kipindi hicho kunapaswa kuwa na mashauriano ya kweli. Ya pili ndiyo ile ya kumaliza kazi ya mtu mmoja mmoja. Kampuni nyingi hutoa barua moja Jumatatu inayosema nafasi yako imefutwa kuanzia leo.

OTIENO: Na uchaguzi wa nani aondoke unafuata muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kazi. Omba wakuonyeshe walivyochagua. Kama nafasi "imefutwa" halafu wiki mbili baadaye inatangazwa mtandaoni kwa jina lingine, piga picha ya tangazo pamoja na tarehe.

MWENDE: Sasa ile karatasi ya "nimepokea malipo yangu yote na sina dai lingine lolote".

OTIENO: Nikichagua jambo moja la kumsihi msikilizaji, ni hili. Usiisaini kwenye mkutano. Mahakama ya Rufani imewahi kukubali kwamba mtu aliyesaini makubaliano kama hayo kwa hiari amefunga mlango wake mwenyewe. Omba nakala, omba siku chache, pitia hesabu. Wakikataa kukulipa mpaka usaini, andika juu ya sahihi yako kwamba umepokea kiasi fulani na unabaki na haki ya kudai kilichobaki. Wakikataa na hilo pia, watumie barua pepe siku hiyo hiyo ukieleza kilichotokea.

MWENDE: Fomu ya kliaransi ni tofauti. Hiyo saini, ila rudisha vitu kwa orodha: kompyuta na nambari yake ya utambulisho (serial number), kadi ya mlangoni, funguo, sare, na upewe nakala yenye mhuri. Malipo mengi huchelewa kwa sababu idara moja haijasaini kliaransi na hakuna anayeifuatilia. Wakisema wanakata pesa za kompyuta iliyopasuka kioo, sheria inaruhusu kiasi cha haki tu, na uharibifu uwe umetokana na utundu wa makusudi. Kompyuta ya miaka mitano isikatwe kwa bei ya mpya.

OTIENO: Na cheti cha kazi ukidai. Kifungu cha 51. Kina jina la mwajiri, jina lako, ulipoanza, ulipoacha, na aina ya kazi. Si barua ya sifa, hiyo hawalazimiki kukupa. Lakini cheti wakikataa ni kosa la jinai, faini hadi 100,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Hakisubiri kliaransi, hakisubiri kesi.

MWENDE: Haya, mwezi umepita, simu hazipokelewi. Mimi nasema anza na afisa wa leba.

OTIENO: Mimi sina haraka hiyo.

MWENDE: Haina ada, na kwa mshahara uliokwama au likizo isiyolipwa, barua ya leba peke yake huwaamsha wengi. Peleka malalamiko ya maandishi, ukurasa mmoja: ulianza lini, mshahara, uliacha lini, unadai nini na jumla ni ngapi. Ambatisha nakala, usitoe karatasi halisi. Chukua nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Afisa atamwandikia mwajiri, atawaita nyote wawili. Kama ni malalamiko ya kufutwa isivyo haki, yapelekwe ndani ya miezi mitatu.

OTIENO: Hapo sina neno. Ninachokataa ni watu kukaa leba miaka miwili. Afisa anatoa pendekezo la suluhu. Si hukumu, huwezi kumpelekea mwajiri dalali wa mahakama kwa barua hiyo. Mwajiri akikwepa mikutano miwili mitatu, ondoka. Kwa maana muda wa kushtaki ni miaka mitatu, na kukaa leba hakuusimamishi. Mazungumzo hayausimamishi. Rufaa ya ndani ya kampuni nayo usiitegemee kuusimamisha. Hesabu kuanzia tarehe ya kufutwa iliyo kwenye barua. Ukichelewa siku moja, korti haina uwezo wa kukuongezea muda, hata jaji akikuonea huruma.

MWENDE: Korti ipi?

OTIENO: Mshahara wako kabla ya makato ukiwa hauzidi 80,000 kwa mwezi, unaenda kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiza kesi za kazi. Ukizidi, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hapa Nairobi iko Milimani. Kesi za korti zote mbili hufunguliwa mtandaoni kupitia mfumo wa Mahakama. Unaweka maelezo ya madai, kiapo cha kuyathibitisha, taarifa yako ya ushahidi, na kifurushi cha hati zilizotiwa nambari za kurasa. Kesi hukwama mapema kwa kitu kidogo: mwajiri hakukabidhiwa hati ipasavyo, au ameshtakiwa kwa jina la biashara lililo kwenye bango badala ya jina lililosajiliwa. Angalia jina kwenye pesilipu na kwenye P9, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa.

MWENDE: Na asiye na kandarasi? Kibarua wa Industrial Area aliyelipwa kila Jumamosi kwa miaka minne?

OTIENO: Ana kesi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, kifungu cha 37 kinamgeuza kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kandarasi ya maandishi ni jukumu la mwajiri kuitayarisha na kuileta. Asipoileta, yeye ndiye wa kukanusha masharti unayoyadai. Wewe leta taarifa ya M-Pesa, ratiba za zamu, picha ya kadi ya getini, jumbe za msimamizi. Zihamishe kutoka kwa simu ya kazi kabla hujairudisha.

MWENDE: Fidia ya kufutwa isivyo haki watu husema ni mshahara wa miezi 12.

OTIENO: Ni hadi 12. Korti huangalia muda uliofanya kazi, nafasi ya kupata kazi nyingine, na mchango wako kwenye kilichotokea. Usikope kwa kuhesabia 12.

MWENDE: Na ukishindwa?

OTIENO: Kutoka kwa hakimu, rufaa ni ndani ya siku 30, inaenda Mahakama ya Ajira. Kutoka Mahakama ya Ajira, notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 14, kisha rekodi ya rufaa siku 60 tangu notisi. Agiza nakala za mwenendo wa kesi kwa barua mara tu hukumu ikisomwa, maana zinachelewa. Mwajiri naye akishindwa huomba kusimamisha malipo. Mwambie wakili wako aombe pesa ziwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili, yenye riba. Bila hivyo, rufaa inaweza kwisha umeshinda na kampuni haipo.

MWENDE: Kampuni ikifilisika kabla hujalipwa, peleka dai lako la maandishi kwa mfilisi, usingoje kuitwa. Mishahara ya miezi minne ya mwisho, likizo na malipo ya kuachishwa hupewa kipaumbele, lakini kwa ukomo wa shilingi 200,000 kwa mtu. Kinachobaki unapanga foleni na wadai wengine.

OTIENO: Pensheni ya kampuni, kama ulikuwa nayo, dai kwa wadhamini wa mfuko, si kwa bosi. Hawatoi yote kabla ya umri wa kustaafu. Waombe hesabu ya maandishi: kinachotoka sasa, kinachobaki, na kodi.

MWENDE: SHA nayo, yaani bima ya afya ya taifa, mwajiri akiacha kukukatia ile asilimia 2.75, bima inasimama. Piga *147# ubadilishe hali yako iwe ya kujitegemea. Mchango wa asiyeajiriwa hulipwa kwa mwaka mzima, na wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, kwa hivyo andaa 3,600 angalau.

OTIENO: Na KRA, mamlaka ya kodi, usiisahau. Kama ulifanya kazi Januari hadi Mei, ritani ya kodi ya mwaka huo si ya kujaza sifuri. Unahitaji P9 ya miezi hiyo mitano, na ukijaza sifuri mfumo una PAYE yako, yaani kodi uliyokatwa kwenye mshahara, utaulizwa. Mwisho ni Juni 30 ya mwaka unaofuata, na faini ya kuchelewa ni angalau shilingi 2,000. P9 iombe siku ya kliaransi. Ukiiomba mwaka unaofuata, mhasibu aliyekujua huenda naye ameshapigwa kalamu.