Ngome ya Warringah: namna wapiga kura wa ufukweni walivyombwaga waziri mkuu wa zamani

Habari zenu, watazamaji wangu wa Nairobi. Leo nazungumza nanyi nikiwa kwenye gati la Manly, upande wa kaskazini wa bandari ya Sydney, Australia, mwendo wa nusu saa kwa feri kutoka katikati ya jiji. Mkiona picha ikitikisika, mjue ni upepo wa bahari.

Mtazamaji mmoja wa mtaa wa Umoja aliniuliza ngome ya kisiasa huwaje katika nchi ambako hesabu za kura hazianzi na kabila. Jibu liko papa hapa, kwa kuwa Manly imo katika eneo bunge la Warringah, ambalo tangu lianzishwe mwaka 1922 lilikaa karibu miaka 100, isipokuwa kipindi kifupi, mikononi mwa Liberal, chama cha mrengo wa kulia, na vyama vya mrengo huo vilivyokitangulia. Mpinzani wake mkuu, chama cha Labor cha mrengo wa kushoto, hakijalitwaa hata mara moja.

Ukiwatazama wapiga kura wenyewe, utaelewa sababu. Kule mtaa wa Mosman, majumba yamepangana kwenye miteremko inayotazama bandari, na wenyeji wake wengi ni mawakili, madaktari na watu wa mabenki. Hapa Manly kuna vijana wengi wanaopanga nyumba za ghorofa, ambao utawakuta alfajiri wakivuka barabara bila viatu, ubao wa kuteleza mawimbini ukiwa kwapani. Waliozaliwa Uingereza ni wengi, na shahada ya chuo kikuu ni jambo la kawaida. Sura kama yangu ni chache: mimi huja huku kuhudumia wazee, kisha jioni narudi ninakomudu kodi. Watu hawa hulinda mali zao, ndiyo maana waliipa Liberal kura, lakini katika mambo ya maisha ya mtu binafsi hawapendi kuamuliwa na yeyote.

Tony Abbott wa Liberal aliingia bungeni kutoka hapa kupitia uchaguzi mdogo wa mwaka 1994, akawa waziri mkuu mwaka 2013, na miaka miwili baadaye wabunge wa chama chake mwenyewe wakamwondoa kwenye uongozi. Hakuwa mgeni ufukweni, kwani alijitolea kwa miaka mingi kuwaokoa waogeleaji. Tatizo lilijitokeza mwaka 2017, wananchi walipoulizwa kwa njia ya posta kama sheria iruhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Abbott alikuwa mstari wa mbele kuipinga, ilhali asilimia 75 ya waliojibu katika eneo bunge lake waliiunga mkono. Hapo kila mtu aliuona umbali uliokuwapo kati ya mbunge na watu wake, nao msimamo wake kuhusu mabadiliko ya tabianchi ukazidi kuupanua.

Mwaka 2019 alijitokeza Zali Steggall, wakili aliyewahi kutwaa medali ya shaba ya kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akawania kama mgombea huru. Hapa inafaa nieleze utaratibu wa kura, maana bila huo hadithi haieleweki. Siku ya kupiga kura ni Jumamosi, na asiyefika bila sababu hutozwa faini ya dola 20, kwa hiyo takriban asilimia 90 ya waliojiandikisha hujitokeza. Nilisimama nje ya ua wa shule moja nikitazama: soseji zinachomwa langoni, na wanaotoka vidole vyao ni safi, hakuna wino. Ndani, mpiga kura haweki alama moja, bali huwapanga wagombea wote kwa namba. Anayeshika mkia huondolewa, na karatasi zake humwendea aliyepewa namba inayofuata, mpaka wabaki wawili.

Steggall alipata takriban asilimia 43 ya namba moja, Abbott 39. Wafuasi wengi wa Labor na wa Greens, chama cha watetezi wa mazingira, waliojua kwamba vyama vyao havina matumaini huku, walikuwa tayari wamempa Steggall namba moja, na waliobaki wakamwongezea kwa namba mbili na zinazofuata, hata akafikisha zaidi ya asilimia 57. Ila hao peke yao wasingetosha. Abbott mwenyewe alikuwa amepata zaidi ya nusu ya namba moja mwaka 2016, na usiku huo alipoangushwa, chama chake kilishinda nchi nzima. Kwa maoni yangu, wengi waliomhama hawakukihama chama; walimkataa mtu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1937, Percy Spender aliwania hapa hapa bila tiketi ya chama, akambwaga Archdale Parkhill, waziri wa ulinzi. Jina la Spender sisi Waafrika tuna sababu ya kulikumbuka: mwaka 1966, akiwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji walipogawanyika saba kwa saba, kura yake ya uamuzi ndiyo iliyoitupa kesi ya Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini kuhusu nchi ambayo leo ni Namibia.

Mwaka uliofuata ushindi wake wa 1937, Spender alijiunga na chama kilichokuwa kikitawala. Wakazi wa Nyali, Mombasa, ambao nao wanaishi kando ya bahari, wanaijua njia hiyo: Mohamed Ali waliyemchagua akiwa mgombea huru mwaka 2017 alirudi bungeni mwaka 2022 kwa tiketi ya UDA, chama cha William Ruto. Steggall alishinda tena mwaka 2022, akashinda 2025 baada ya mipaka kuchorwa upya na sehemu za eneo bunge jirani la North Sydney kuongezwa kwake, na mpaka leo hajaingia chama chochote.