Vishikizo vya Mimea ya Haidroponiki kwa Vikombe Vilivyotumika na Ndara Kuukuu

Karibuni. Kwenye udongo mmea hujishika wenyewe. Kwenye haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, mmea hukaa kwenye ndoo ya maji, hauna pa kukanyaga. Leo tunatengeneza vishikizo viwili: kikombe chenye kola ya kushika shingo ya mche, na kamba ya kubeba mimea mirefu kama nyanya na matango. Kwenye kikombe tutakaa zaidi, maana huko ndiko watu wengi huharibu.

Vifaa ndivyo hivi mezani. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga. Vikombe vya mtindi vilivyooshwa. Ndara kuukuu. Msumari wenye unene wa milimita 5, plaizi, kisu chenye makali, rula na kalamu ya wino usiofutika. Kabla ya yote, geuza kikombe utazame kitakoni. Ndani ya ile pembetatu pana nambari ya aina ya plastiki, nasi tunatafuta nambari 5. Nambari 6 ni plastiki kavu, inapasuka ukiigusa na kisu, na moshi wake si wa kuvuta. Nambari 3 usiisogeze motoni kabisa, kwa sababu ikiungua hutoa gesi kali yenye asidi.

Tunaanza kutoboa. Fanyia kazi hii nje, upepo ukitoka nyuma yako. Shika msumari kwa plaizi, pasha ncha, kisha uguse plastiki. Usisukume, uzito wa mkono unatosha. Tazama hapa kwa karibu: tundu limetoka duara, safi. Sasa tazama hili la pili, plastiki inavutika nyuzi nyuzi kama ulimbo. Maana yake msumari umepoa, urudishe motoni.

Kitako kipate matundu 8. Ubavuni weka mistari miwili ya matundu 8 kila mmoja, yasimame kwa kupishana, moja juu ya nafasi ya mawili. Ukiyapanga sambamba yote, kikombe hulegea na kupinda. Theluthi ya juu iache bila tundu. Ukimaliza, pitisha kidole ndani. Unasikia vipele vinavyokwaruza? Vikwangue kwa kisu, maana mzizi mchanga ukipita hapo huchubuka.

Sasa mfuniko. Kosa la kawaida ni kuchora duara kwa kufuata mdomo wa kikombe. Ukikata hivyo, kikombe chote kitatumbukia ndani. Pima upana wa kikombe milimita 5 chini ya mdomo, na hicho ndicho kipimo cha shimo. Kata kwanza kwenye kadibodi, ujaribu. Kikombe kining'inie kwa ule ukingo wake, kisicheze. Kwa saladi, mashimo matatu kwenye mfuniko wa ndoo hii yanatosha. Nyanya ni shimo moja tu, hata kama mfuniko unaonekana mtupu.

Tunafika kwenye kola, na hapa ndipo ndara inapoingia. Kwa nini tusitumie sponji ya godoro? Chovya vipande vyote viwili majini, uvikamue. Sponji inachuruzika, soli ya ndara imetoka karibu kavu. Kola inayonyonya maji huifanya shingo ya mche kulowa usiku na mchana, na shingo ikioza, mche umekwisha hata kama mizizi ni mizima. Zile ndara ngumu za raba hazifai. Tafuta soli nyepesi inayobonyea kwa kidole.

Kata duara lililozidi upana wa ndani wa kikombe kwa milimita 3, ili libane lenyewe. Unene uwe sentimita 1 hadi 1.5. Pasua mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, kisha hapo katikati kata alama ya nyota yenye urefu wa sentimita 2. Nyota hiyo isikosekane. Shina linaponenepa, ncha zake zinafunguka kulipisha. Tundu la duara tupu hulikaba.

Kupanda: chukua mche wenye majani halisi 2 au 3 (yanayotoka baada ya yale ya kwanza ya mbegu) na mizizi ya sentimita 4 hivi. Suuza mizizi kwa maji ya kawaida bila kuisugua, fungua kola, uweke shingo katikati, ufunge. Mizizi iteremke ndani ya kikombe. Ukitaka kujaza changarawe, chagua ya milimita 8 hadi 12, na kwanza udondoshee siki. Ikitoa povu, ina chokaa, na chokaa hupandisha pH ya maji (kipimo cha asidi), hupunguza asidi yake, weka kando.

Kiwango cha maji: siku za kwanza maji ya virutubisho, yaani maji yaliyoyeyushwa chakula cha mmea, yaguse sentimita 1 ya chini ya kikombe. Mizizi ikishatoka nje ya matundu, acha maji yashuke, pawe na nafasi ya hewa chini ya kikombe. Ukiona maji yamepungua usijaze tena hadi juu, maana mizizi iliyozoea hewa itazama na kukosa oksijeni. Na ukiona ute wa kijani kwenye kikombe, huo ni mwani: mwanga unapenya mahali. Ziba pengo, au paka mfuniko rangi nyeusi kwanza, halafu nyeupe juu yake ili usishike joto.

Mwisho kamba, na hii ni ya haraka. Tumia kamba ya nailoni. Ya pamba huoza kwa unyevu. Ifunge kwenye fremu iliyosimama peke yake, kamwe si kwenye ndoo, kwani nyanya yenye matunda ina kilo kadhaa na itaipindua. Chini, zungushia shina kitanzi cha fundo lisilokaza, kidole gumba kipite ndani yake, kikae chini ya jani lenye nguvu. Kisha zungusha mmea kwenye kamba kwa mwelekeo mmoja kila unapoongeza sentimita 20, na zungusha mchana: asubuhi na mapema shina limejaa maji, hukatika kirahisi. Juu, acha mita 1 ya ziada imeviringishwa kwenye ndoano. Mmea ukigusa fremu, unalegeza kamba, unaushusha wote.