Kabla hujashika grainda: nafasi ya kuweka vitu kwenye boti ndogo

Haya, asanteni. Huko nyuma mnasikia? Sawa. Mimi ni fundi, mambo ya hotuba siyajui sana, so nimekuja na hiki kifuniko, pitisheni mkono kwa mkono mkiangalie wenyewe. Ni cha loka, yaani kabati la kuwekea vitu, ya chini ya kitanda, kimetoka kwa boti ya futi 26, ile Westerly Centaur ya Uingereza, hizi zilianza kutengenezwa 1969 na zikatoka zaidi ya 2,000, zina mikuku miwili, yani ile miti mikubwa ya chini ya boti iko miwili, maji yakipwa pale Kilifi inasimama yenyewe kwenye tope kama ng'ombe.

Sasa angalieni udogo wake. Unanyanyua godoro, unafungua, unatia mkono mpaka bega na bado hujagusa chini, alafu huko usikofika ndo kuna nafasi yenyewe maana ubavu wa boti unapinda kwenda ndani. Wenye boti, mzee mmoja na mkewe, walikua wanataka kushuka na upepo wa kaskazi, Pemba, Unguja, mpaka Mafia huko, wakaniambia fundi tuongezee nafasi. Nikashika grainda. Sikuuliza nafasi ya kuweka nini, na hapo ndo nilipoharibu.

Kule omo, mbele ya boti, chini ya kitanda kulikua na kigawanyo cha plaiwudi, mi nikakiona kama ukuta tu wa kabati, nikakitoa chote, loka mbili zikawa moja kubwa, mama akafurahi sana siku ile. Wakajaza maji ya chupa lita 100, mikebe, mchele, na huko huko mbele tayari kuna mnyororo wa nanga wa milimita 8, huo mita moja ni kama kilo 1.4, wao walikua na mita 40, piga hesabu, kilo 56. Boti yenyewe ina uzito wa tani 3 hivi. Omo ikainama! Tukatoka nje kujaribu, kila wimbi inalipiga kwa pua badala ya kulipanda, na mimi nimekaa mle ndani nasikia kitanda kinalia kriii, kriii. Kumbe kile kigawanyo kilikua kinashika ubavu usichezecheze, ni taruma lile bana, ubavu wa kuipa boti nguvu, basi tu limevaa nguo ya kabati.

Nikakirudisha kwa pesa yangu. Na mjue kitu kimoja hapo, ukiunga kwa gundi ya epoksi usitumie ile mati ya faibaglasi ya kawaida ya nyuzi zilizotawanyika, nyingi imegandishwa na dawa ya kuyeyushwa na resini ya poliesta, epoksi haiyeyushi vizuri, chukua kitambaa kilichofumwa, na usage rangi yote ya zamani kwanza mpaka uione faibaglasi yenyewe.

Siku hizi kigawanyo sikitoi, natoboa dirisha katikati, naacha pembeni kama sentimita 8 au 10 kuzunguka, na kona zote za duara maana ufa unapenda kuanzia kwenye kona kali. Kifuniko ndo nakikuza, badala ya hicho mlichoshika niliweka cha mara mbili yake, na kila kifuniko lazima komeo, boti ikilala upande usiku mikebe inaruka kama mawe.

Uzito weka katikati na chini. Wazee wa majahazi hawakusoma popote lakini feuli kule tezi, nyuma ya chombo, ilikua ya kuweka vitu vyao, shehena nzito inakaa katikati. Omo weka nguo, majaketi, shuka.

Chini kabisa wekeni kijisakafu cha mbao nyembamba zilizoachana, vitu visilale kwenye maji ya ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, na vile vitundu vya kupitisha maji kwenda kwa pampu msivizibe, nimeona fundi amevijaza epoksi eti amefanya kazi safi. Mikebe toeni karatasi, andikeni kwa maka peni, karatasi ikiloa inabanduka inaenda kuziba pampu. Makatoni msiingize ndani kabisa, mende hutaga humo. Na toboeni matundu ya hewa mbele, bila hivyo mwezi mmoja tu ni ukungu.

Loka ya gesi hiyo msiiguse. Najua inatamanisha, iko kubwa pale nyuma, mtu anasema nitoboe tu niiunge na ya ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inajaa kwenye ngama, unawasha kiberiti cha chai asubuhi... ile loka lazima iwe na tundu la kutolea gesi nje ya boti, na isiwe na njia yoyote ya kuingia ndani. Kitu kingine, valvu za maji ya bahari, zile unazofunga maji yasiingie ndani, ukijenga rafu mbele yake jaribu mwenyewe usiku bila tochi kama mkono unafika.

Maswali tutachukua nje, chai ipo. Jamani kifuniko changu kimeishia kwa nani? Kirudisheni, kina mwenyewe.