Rapina si ubakaji: kwa wanaojifunza ukalimani wa mahakamani

Shikamooni wazee, na nyinyi vijana, hamjambo. Nimeambiwa nizungumzie maneno ya makosa makubwa ya jinai, ya Kiingereza na ya Kiitaliano. Hapa Malindi hata mtoto wa shule anajua kusema ciao, na muuza vinyago ufuoni atakuuzia kwa Kiitaliano mpaka ununue. Lakini Kiitaliano cha vinyago kikifika mahakamani kinakatika kamba.

Nianze na usiku mmoja, miaka kadhaa nyuma. Niliitwa kituo kimoja cha polisi huku pwani. Nikamkuta mama wa Kiitaliano, mtu mzima, ameketi kwenye benchi, kiatu kimoja tu mguuni, mkononi ameshika ukanda wa mkoba uliokatika. Anarudia neno moja: rapina, rapina. Konstebo, kijana mwenye Kiingereza kizuri, alilisikia akaona linafanana na “rape”. Alikuwa ameshaandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo, kwamba mgeni amebakwa, na ameshatuma mtu kutafuta askari wa kike na gari la kwenda hospitali. Nia yake njema kabisa. Ila mama hakubakwa. Alisukumwa akaanguka, mkoba ukachukuliwa. Rapina ni wizi wa mabavu.

Sitamcheka konstebo, maana maneno hayo mawili ni ndugu. Yote yametoka kwenye Kilatini rapere, kunyakua. Kiitaliano kikabaki na kunyakua mali, Kiingereza kikaenda na kumnyakua mwanamke, kisha kumwingilia. Mwitaliano aliyebakwa atasema stupro kwa lugha ya mtaani, na hati ya mashtaka itasema violenza sessuale. Mpaka mwaka 1996 sheria ya Italia ililiweka kosa hilo miongoni mwa makosa dhidi ya maadili ya jamii, kana kwamba aliyeumizwa ni mtaa. Mwaka huo ndipo lilipohamishwa likawa kosa dhidi ya mtu.

Na mama yule angekuwa hakusukumwa, mkoba ukavutwa tu begani, jina lingebadilika tena. Watu husema scippo, sheria husema furto con strappo, wizi wa kupokonya. Nguvu zikielekezwa kwa kitu ni wizi, zikielekezwa kwa mwenye kitu ni rapina. Kwa hiyo swali la kwanza la mkalimani usiku ule halikuwa “umeibiwa nini?” Lilikuwa “ulianguka vipi?”

Sasa tuje kwenye kuua, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Kiingereza kina “murder” na “manslaughter”, maneno mawili, kila moja na mzizi wake. Kiitaliano kina neno moja, omicidio, halafu kinalifungia mkia unaoeleza moyo wa mtendaji ulikuwa wapi. Omicidio doloso: alikusudia, kifungu cha 575, kifungo kisichopungua miaka 21. Omicidio colposo: uzembe, kifungu cha 589, kwa kawaida miezi 6 hadi miaka 5. Katikati yake kuna omicidio preterintenzionale, neno refu kama treni, kifungu cha 584, miaka 10 hadi 18. Hilo ni la mtu aliyenuia ngumi, ngumi ikazaa kifo. Dhamira yake iliishia kwenye kupiga, tendo likaipita.

Mkalimani anayepitia Kiingereza atawatia hao wawili wa mwisho kapu moja, “manslaughter”. Na kapu hilo lina dereva aliyesinzia pamoja na mlevi aliyempiga mwenzake kichwani. Ukimwambia mshtakiwa colposo badala ya preterintenzionale, umempunguzia miaka mingi kwa ulimi wako, na hakimu hajui.

Lakini jamani, sisi tunasemaje? Kuua kwa kukusudia. Kuua bila kukusudia. Neno moja, na mkia! Kiswahili kimelijenga kosa hili kama Mwitaliano alivyolijenga, na bado tunazunguka London kabla ya kufika Roma. Mimi ningetafsiri moja kwa moja: kuua kwa uzembe, kuua kupita dhamira. La pili linasikika geni, nakubali, lakini mshtakiwa ataelewa.

Kuna mengine ya kupita haraka. Assassino kwa Kiitaliano ni muuaji yeyote, hata aliyemuua jirani kwa sababu ya mbuzi. Kiingereza wamelihifadhi kwa anayewaua wakubwa. Muuaji wa kukodiwa Mwitaliano anamwita killer, neno la Waingereza wenyewe, na wala haoni haya. Delitto si kosa dogo. Na riciclaggio, linalosikika kama “recycling”, kabla hujafikiria chupa za plastiki, ni utakatishaji wa fedha.

Pizzo nalo, ada wanayotozwa wenye maduka na mafia. Asili yake, wengi wanasema, ni mdomo wa ndege kwa Kisisilia: kumlowesha bwana mkubwa mdomo. Kiingereza husema fedha za ulinzi. Sisi tungesema chai, na Msisilia angecheka kwa kuelewa.

Kuvunja nyumba usiku nako kuna vituko. Kanuni ya adhabu ya Kenya, tuliyoirithi kwa Mwingereza, inatofautisha mvunjaji wa mchana na wa usiku, na usiku wake unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Kiitaliano furto in abitazione hakiulizi saa. Mkalimani akiulizwa saa na hakimu, aiseme vizuri, na akumbuke kwamba Mwitaliano hasemi saa kwa hesabu yetu.

Nimalizie na Perugia, mji wa Italia. Amanda Knox, Mmarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji ya mwaka 2007, aliondolewa kabisa kosa la kuua mwaka 2015. Hukumu ya kosa moja ikabaki, ikathibitishwa tena Januari 2025: calunnia. Magazeti mengi ya Kiingereza yaliandika “slander”, kana kwamba alimsengenya mtu. Siyo. Aliwaambia polisi kwamba muuaji ni mwenye baa aliyekuwa mwajiri wake, na mtu yule akakaa mahabusu wiki mbili. Calunnia ni kumtwika mtu kosa mbele ya dola huku ukijua hana hatia. Mfasiri wa Kiingereza anahitaji sentensi nzima kulieleza. Bibi yangu, ambaye hakuingia mahakamani hata siku moja, angesema tu: amemsingizia.

Haya, yule kijana wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja chupa, uliza.