Taa Inayowakia Kiti Kitupu

Haya, tuketi. Naona wengine mmeshaanza kucheka kwa sababu mnajua nimebeba nini humu mfukoni. Ndiyo, rimu ileile, maana leo ni habari ya kufuatilia upepo wa tairi, hasa za gari unalolivuta. Naipitisha tena, anzeni huku kushoto. Shikeni taratibu, ukingo umesagika mpaka umekuwa meno ya msumeno.

Hii ilikuwa ya gurudumu la nyuma la gari letu dogo. Tulikuwa tunalivuta nyuma ya gari-nyumba, lile kubwa la kusafiria na kulala humo, magurudumu yote manne chini, barabara imenyooka, mimi usukanini napiga mluzi. Dereva wa lori anayekuja akaniwashia taa. Nikampungia mkono. Wa pili akawasha, huyo nikampigia na honi, nikasema leo madereva wana adabu. Baadaye ikaja harufu ya mpira unaoungua. Unajua nilifanya nini? Nilifunga dirisha, nikalilaani lori la mbele yangu kwa kuchafua hewa. Mpaka pikipiki moja ikanipita, abiria wake anaelekeza kidole nyuma kwa mkono mzima, ndipo nikaegesha. Tairi haikuwepo. Zilibaki nyaya zake zimejisokota kwenye ekseli kama uzi wa cherehani uliokorofika, mpira wa breki umekatwa, bamba la juu ya gurudumu limechanwa. Rimu bado ya moto.

Watu huniuliza, wewe hukusikia kitu? Sikusikia. Gari la tani kumi na kitu likivuta la tani moja na nusu, usukani hautetemeki, injini hailalamiki. Tairi ya mbele ikipungua upepo, mikono itajua. Ya gari linalovutwa, mikono haina habari.

Sasa yuko mmoja pale nyuma ameshakunja mikono. Anasema, gari langu dogo ni la kisasa, lina taa yake ya kuonya upepo wa tairi ukipungua. Ndugu yangu, hata ikiwaka, inamwakia nani? Kiti kitupu! Na mara nyingi haiwaki kabisa, kwa sababu gari limezimwa. Halafu taa hizo, kwa kanuni ya Marekani kwa mfano, zinatakiwa kuwaka upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Watu wa matairi wanakuambia ukishuka asilimia 20 tu, ihesabu hiyo kuwa pancha. Nataka vihisi kumi, vile vidude vya kufunga kwenye valvu vinavyopima upepo na kuutuma kwenye skrini: sita vya gari kubwa na vinne vya gari dogo, na skrini iwe mbele ya macho yangu mimi.

Na yule wa kupiga tairi kwa rungu asikilize mlio? Nakupenda, mzee wangu, lakini rungu litakuonyesha tairi iliyokufa, si iliyotoka PSI 100, kipimo cha upepo wa tairi, ikafika 75. Na zile pacha za nyuma, tairi mbili mbili kila upande, ndizo hatari zaidi. Ya ndani ikiisha upepo haibonyei ukaiona, mwenzake ameishikilia. Unazunguka gari, unaona kila kitu kimesimama vizuri, kumbe moja inabeba mzigo wa mbili.

Kuna bwana aliniletea skrini yake, anadai kifaa kibovu, kinalia bila kukoma. Nikatazama. Magurudumu yote kumi ameyawekea kiwango kimoja, PSI 80. Tairi za gari dogo zinataka 33! Zitaachaje kulia? Naye kwa kuchoka kelele alikuwa amezima sauti. Amelipia mlinzi, kisha akamziba mdomo. Kila ekseli ina kiwango chake: ya mbele, ya nyuma, na gari dogo peke yake. Pima tairi zikiwa baridi, asubuhi, kabla jua halijazipiga na kabla hujaondoka. Kengele ya chini weka asilimia 10 hivi chini ya hapo. Zikipata moto njiani upepo utapanda, karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. 100 ikawa 112, usishuke kwenda kuupunguza. Asubuhi utakuta huna upepo, na utaniita mimi.

Kuhusu joto lenyewe nilitaka kusema mengi… muda. Kwa kifupi: kihisi cha kufunga juu ya valvu kinapigwa na upepo wa njiani, kwa hiyo joto kinachosoma ni dogo kuliko la tairi yenyewe. Usikiamini sana hapo.

Valvu! Kama ni za mpira, badilisha uweke za chuma kwanza. Kihisi kina uzito, kinazunguka, kinaupinda mpira mpaka unapasuka shingoni. Nimewahi kupoteza upepo wote hivyo. Mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi. Na kama gari-nyumba ni refu, weka kile kifaa cha kupokea na kurusha mawimbi upya karibu na mkia, la sivyo gari dogo litapotea kwenye skrini, nawe utadhani liko salama. Betri za kidonge za vihisi, badilisha zote siku moja.

Umri wa tairi hakuna kihisi kinachousoma. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Nilikuwa na picha…

Sawa, sawa, nimeona mkono. Rimu imefika wapi? Wewe uliye nayo, nirudishie, na angalia vidole.